Umeme wa Treni ya Shemeji

Injini niliyoiunguza ilikuwa ya dukani, na hadi leo nashukuru ilikuwa hiyo. Ilizunguka meza yetu ya chakula mara mbili na nusu kama inafukuzwa na nyuki, ikatoka relini kwenye kona ya upande wa kabati, ikalala ubavu huku magurudumu yakizunguka bure. Kabla sijaifikia ikatoa uzi mwembamba wa moshi. Mke wangu alitokea jikoni na mwiko mkononi.

"Imefika?" aliuliza.

"Imeungua."

"Haya. Wiki nzima tunakula mkekani ili treni yako ipate nafasi, kumbe safari yenyewe ni ya kwenda kuungua."

Macho yangu yalikuwa kwenye rafu, juu ya redio, ambapo injini ya pili ilikuwa imekaa juu ya kitambaa safi. Naye akaangalia huko huko, akaacha utani.

"Hiyo usiiguse kwanza," alisema kwa sauti ndogo. "Nakuomba."

Injini ile aliitengeneza kaka yake, shemeji yangu, kwa mikono yake mwenyewe. Shemeji alikuwa dereva wa treni kwa miaka thelathini na mmoja, na mimi kwa miaka mingi ya hiyo nilikuwa mtu wa ishara kwenye stesheni aliyopita kila siku. Alikuwa dereva wa kusifiwa. Akipanda kwenye injini, jambo la kwanza aliweka kikombe cha chai mbele yake, kimejaa hadi ukingoni, kisha ndipo akaondoka. Na chai haikumwagika. Abiria walikuwa wakisema hujui kama treni yake imeondoka mpaka uone stesheni inarudi nyuma.

Alipostaafu alianza kuijenga injini yake upya, ndogo, urefu wa shubiri moja na vidole vitatu. Bati alilipata kwenye makopo ya mafuta ya kupikia. Mota aliitoa kwenye mashine ya kuchapisha iliyotupwa na ofisi fulani. Ndani aliweka vipande vya risasi ili iwe na uzito wa kukamata reli, na ubavuni akaandika namba yake ya zamani, 47, kwa brashi ya nywele tatu. Ilimchukua miaka miwili. Tulikuwa tumekubaliana: yeye alete injini, mimi nitandaze reli. Alimaliza kabla yangu, kwa sababu mimi nilitaka kila kichuguu na kila nguzo ya simu iwe mahali pake, kama kwenye njia yetu ya kweli. Na nilipokuwa nikihangaika na nguzo za simu, mikono yake ikaanza kutetemeka. Sasa hawezi kushika kikombe bila sahani chini yake, wala hawezi kutia uzi kwenye sindano, sembuse kutengeneza injini nyingine.

Jumapili iliyokuwa inakuja angekuja kutuaga. Alikuwa anahamia kwa binti yake, safari ya siku mbili kutoka kwetu, na hakuna aliyejifanya kwamba angerudi. Injini yake hakuwa ameiona ikitembea hata siku moja. Kama ningeiunguza nayo, basi.

Lazima nieleze nilivyokosea, maana sikukosea kwa uzembe. Mimi ni mtu wa maandishi, na sioni haya kulisema. Nilianza kazi nikiwa sijui kuandika zaidi ya jina langu. Nikasoma masomo ya jioni miaka minne, natoka zamu nikiwa na grisi kwenye kucha, naingia darasani. Cheti changu kipo ukutani, kwenye fremu yenye kioo. Na stesheni ilinifundisha jambo hilo hilo: treni haikuingia kwenye njia moja inayotumiwa na treni za pande zote mbili mpaka dereva awe ameshika mkononi karatasi iliyoandikwa na kutiwa saini yangu. Shemeji mwenyewe, ndugu wa mke wangu, alikuwa ananyoosha mkono wa kushoto dirishani na kusema, "Karatasi yangu." Bila karatasi hakusogea.

Basi nilipopekua sanduku la vikorokoro nikapata adapta ya redio ya zamani iliyoandikwa volti 12, na kwenye boksi la injini ya dukani pameandikwa volti 12, niliridhika. Mita ya kupimia umeme ninayo. Nilipima. Mshale ukasimama kwenye kumi na saba na nusu. Nikaitikisa mita, nikapima tena, ukasimama pale pale. Nikaamua mita ni mbovu. Kitu kimechapishwa kiwandani, kwa herufi za dhahabu, halafu nisikilize kisindano?

"Nenda kwa Mama Redio," mke wangu alisema.

"Nitatafuta mwenyewe."

"Umeshatafuta mwenyewe. Nyumba nzima inanuka ulivyotafuta."

Mama Redio ni fundi mwenye chumba mtaa wa pili kutoka kwetu, mlango wa buluu. Sikutaka kwenda kwake, na sababu yenyewe si nzuri. Tulisoma pamoja masomo ya jioni. Alikaa benchi la mbele, na kwa miaka mitatu ndiye aliyekuwa akinisahihishia hesabu za umeme kabla mwalimu hajaziona. Mwezi mmoja kabla ya mtihani mama yake aliugua, akaacha shule kumuuguza, na hakurudi tena. Mimi nikapata cheti, yeye hakupata. Tangu siku hiyo ananiita Bwana Cheti, mbele za watu.

Nilikwenda Jumatano asubuhi na begi. Chumba chake unakijua kabla hujaingia, kwa harufu ya risasi ya kuchomelea. Redio zimefunguliwa migongo na kupangwa kama wagonjwa wanaosubiri daktari. Skrubu zimo kwenye makopo, kila kopo na saizi yake, na ukutani kuna kalenda ya miaka mitatu iliyopita ambayo haitupi kwa sababu nyuma ya kila mwezi amechora ramani za nyaya. Miwani yake ina mguu mmoja wa plastiki na mmoja wa waya wa shaba.

"Bwana Cheti! Nani kakuonyesha njia?"

"Nimepotea tu, dada."

"Umepotea na begi? Fungua."

Nikapanga vitu mezani. Adapta ya redio. Chaja ya kompyuta. Chaja ya betri ya gari, nzito kama tofali, niliyoazima kwa jirani. Kiboksi cha rangi ya fedha kilichotoka kwenye kamera za ulinzi za duka lililofungwa. Kipande cha reli. Injini ya dukani. Na ya Shemeji, ndani ya taulo.

"Nataka unichagulie kimoja kati ya hivi," nilisema. "Kimoja cha kuendesha treni ya mezani."

Hakugusa hata kimoja kati ya vile vinne. Alichukua injini ya dukani, akainusa.

"Umeniletea maiti. Ilikula ipi?"

Nikamwonyesha adapta ya redio. Akaichomeka, akaweka mita. Mshale ukaenda kumi na saba na nusu.

"Nyumbani hukupima?"

"Nilipima. Lakini mita yangu mbovu."

"Ilisema ngapi?"

"Kumi na saba na nusu."

Aliniangalia juu ya miwani, bila haraka, mpaka masikio yangu yakapata moto.

"Yaani ulikuwa na shahidi, ukamfunga yeye."

"Imeandikwa kumi na mbili, dada! Soma mwenyewe."

"Naisoma." Akachukua globu ndogo ya taa ya gari, akaiunga kwenye nyaya za adapta huku mita ikiwa bado pale. Globu ikawaka, na mshale ukashuka, ukashuka, ukatulia kwenye kumi na mbili. "Umeona? Lebo haikusema uongo. Inasema: kumi na mbili, nikiwa nimebeba mzigo wangu wote. Ukinipa mzigo mwepesi, napanda. Na umeme wa mtaani ukipanda, napanda nao. Wewe ulisoma nusu ya habari ukafunga kitabu."

Nimesoma vitabu vingi, na sikumbuki mwalimu aliyewahi kunieleza jambo kwa globu moja ya gari nikalielewa hivyo. Nilitoa daftari langu. Hakucheka. Alingoja nimalize kuandika.

Chaja ya kompyuta aliipima mara moja. "Kumi na tisa. Rudisha kwa mwenye kompyuta kabla hajalia." Kisha akavuta chaja ya betri ya gari, akatafuta gurudumu la chuma kwenye kopo la takataka, akalilaza juu ya reli mbili. "Treni yako ikitoka njiani, magurudumu yanagusanisha reli hii na hii. Shoti. Sasa angalia, na usisogee karibu."

Aligusisha nyaya. Kukatoka cheche na mlio kama kofi, nami nikajikuta nimesimama mlangoni. Alinipa gurudumu likiwa bado na joto. Ukingoni palikuwa na shimo kama limetafunwa.

"Hii ina nguvu, haina akili," alisema. "Haijui kuacha. Hiyo namba 47 iliyo ndani ya taulo ingeanguka mara moja tu, ungempelekea shemeji yako chuma chakavu."

"Umejuaje ni ya shemeji yangu?"

"Mkeo alipita hapa jana. Ulidhani nani kanipa habari, redio?"

Ndipo akanawa mikono. Kwa miaka yote ninayomfahamu fundi yule, sijawahi kumwona ananawa mikono kabla ya kazi; hunawa baadaye. Aliifunua injini ya Shemeji, akaiinua hadi kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha kidole ubavuni, juu ya vinundu vya bati.

"Ribiti hizi kazigonga moja moja?"

"Moja moja. Kwa msumari, kutoka ndani."

"Mia ngapi?"

"Mia tatu na kumi na mbili. Alinihesabia."

Alipuliza vumbi kwenye kipande cha reli, akakifuta kwa pamba, akaiweka injini juu yake taratibu kama mtu anayelaza mtoto aliyekwisha kusinzia. Umeme aliuchukua kwenye mashine yake ya mezani, akaanza na sifuri. Moja. Mbili. Kwenye tatu, magurudumu yakageuka. Kwa mara ya kwanza tangu itengenezwe, ile injini ilisogea upana wa kidole. Niliona aibu kwamba mimi nimeiona kabla ya mwenyewe, na nadhani yeye pia aliona, kwa sababu aliizuia kwa kidole chake pale pale.

"Samahani," aliiambia. Injini, si mimi.

Akaendelea kuishika, magurudumu yakiteleza chini ya kidole, huku akisoma mita. Akaandika kwenye kipande cha boksi. "Ikitembea, nusu ampea. Ikikwama, moja na nusu. Mabehewa mangapi?"

"Manne. Na moja la wazi."

"Yana taa?"

"Yana taa. Na stesheni ina taa mbili."

"Hapana, stesheni tutaipa umeme wake. Sema mbili kwa jumla. Tutachukua kitu cha ampea tatu, kiwe na nafasi ya kupumua." Na akavuta kiboksi cha rangi ya fedha. Kiliandikwa volti 12, ampea 3.

Niliruka. "Tatu! Injini inataka moja na nusu, wewe unaipa tatu? Unataka kuimaliza?"

"Nyumbani kwako kuna pipa la maji?"

"Lipo. La lita mia mbili."

"Ukiwa na kiu unakunywa lita mia mbili?"

"Dada, acha mzaha."

"Sifanyi mzaha. Unachota kikombe, maji mengine yanabaki pipani. Volti ndiyo inayosukuma, hiyo lazima iwe sawasawa. Ampea injini inachota yenyewe, kiasi cha kiu yake. Kazi ya pipa ni kutokauka." Alipima kiboksi kikiwa bila mzigo: kumi na mbili. Akaunga globu moja: kumi na mbili. Akaunga mbili, tatu: mshale haukutikisika. Akaweka bisibisi juu ya reli mbili, na nikafumba macho, lakini hakukuwa na cheche ya maana. Kiboksi kilijizima chenyewe, na alipoondoa bisibisi kikarudi kazini kimya kimya.

"Huyu ndiye mtu mzima," alisema. "Na bado nitamwekea fyuzi, maana hata watu wazima wanahitaji kuchungwa. Sasa niambie jambo moja. Siku hiyo, nani atakayeshika usukani?"

"Yeye. Nani mwingine?"

"Mikono yake ikoje?"

Nikamweleza: kikombe na sahani, vifungo vya shati anavyofungiwa. Alisikiliza huku akigeuza bisibisi vidoleni.

"Injini nenda nayo nyumbani," alisema mwishoni. "Mimi nilihitaji namba zake tu, na ninazo. Kiboksi niachie. Jumapili nitakuja na mita yangu. Yako mgonjwa."

Jumapili alasiri alifika kabla ya Shemeji, amevaa gauni la kwenda kwenye sherehe, amebeba kopo la biskuti. Kiboksi kilikuwa ndani ya kopo, na juu yake palikuwa na kizungusho alichokivika mfuniko mpana wa mtungi wa asali.

"Mfuniko wote huu wa nini?" niliuliza. "Nilitegemea kitu kidogo cha vidole viwili."

"Vidole viwili ni vyako. Unga nyaya."

Shemeji aliingia ameshikwa mkono na mke wangu. Alikuwa amevaa koti lake la kazi, lile la zamani, limempwaya mabegani.

"Shemeji," nilimwambia, "umezeeka vibaya."

"Mimi ndiyo naanza. Wewe ulizeeka ukiwa kwenye kile kibanda chako, tukawa tunakuonea huruma tukipita."

Akacheka, kisha akaiona. Namba 47 ilikuwa imesimama mbele ya stesheni yangu, mabehewa nyuma yake, taa za madirisha zimewaka. Mke wangu alimvutia kiti, Mama Redio akamsogezea kopo la biskuti mpaka magotini, akamwonyesha kwa ishara: kulia kwenda, kushoto kusimama.

"Mdogo wangu," Shemeji alimwambia mke wangu, "niletee kifuniko cha soda. Kijaze maji."

Tukajua anataka nini. Mke wangu aliniangalia, nami nikaangalia dari. Alileta kifuniko, maji yamejaa hadi ukingoni, akakiweka yeye mwenyewe kwenye behewa la wazi, maana kaka yake asingeweza.

Nikasubiri azungushe. Hakuzungusha. Alinyoosha mkono wa kushoto, unatetemeka, kiganja juu.

"Karatasi yangu."

Nilikuwa nimekumbuka nguzo za simu na nimesahau karatasi. Nikachana ukurasa wa daftari, nikaandika kwa mwandiko wangu bora: Injini namba 47 iondoke. Njia iko wazi. Nikashusha kalamu nitie saini, nikasita. Kwa sheria yetu, anayetia saini ni yule anayejua kwa hakika kwamba njia ni salama. Mimi nilikuwa natumaini tu. Nikampa kalamu Mama Redio.

"Mimi nisaini kama nani?"

"Kama fundi. Ndiyo sheria, muulize dereva."

"Ndiyo sheria," alisema Shemeji.

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akaandika neno moja, Fundi, na chini yake mstari ulionyooka kana kwamba ametumia rula. Shemeji aliisoma karatasi yote, akaikunja mara nne, akaitia kwenye mfuko wa koti. Kisha akaweka kiganja kizima juu ya mfuniko wa asali.

Mkono ulitetemeka. Mfuniko nao ukatetemeka, ukagonga kopo kama meno ya mtu mwenye homa, na mimi sikuweza kuangalia behewa la wazi. Niliangalia stesheni yangu. Nikaona mlango wa ofisi, kisha dirisha la taa, kisha kibanda changu cha ishara. Ndipo nilipofahamu kwamba behewa la mwisho limekwisha kupita mbele yake. Treni ilikuwa imeondoka.

Kopo liliendelea kugonga. Treni haikujua. Ilichukua kona ya kabati kwa upole, ikapita nyuma ya sahani za chai, ikarudi upande wetu ikiwa na mwendo ule ule.

"Umefanya nini humo ndani?" nilimnong'oneza Mama Redio.

"Nimeweka kapasita, kama kipipa cha umeme," alisema, naye kwa kunong'ona. "Inajaa taratibu, inatoa taratibu. Mkono ukiwa na haraka, yenyewe haina."

Shemeji alizunguka mara tatu. Raundi ya tatu alianza kuupunguza mwendo mbali, pale pale alipokuwa akiupunguzia zamani, kwenye nguzo ya nne ya simu, akasimama mbele ya stesheni bila behewa kumgusa mwenzake. Mke wangu aliinama, akapitisha kidole chini ya kifuniko cha soda, akatuonyesha kidole.

Kikavu.

Mama Redio peke yake hakuwa ameangalia kidole, wala treni. Muda wote alikuwa ameinamia mita yake.

"Kumi na mbili," alisema. "Haikuteleza hata nukta."

Shemeji aligeuka, akamtazama yeye, akanyoosha tena mkono wa kushoto.

"Karatasi ya pili," alisema.

Nikachana ukurasa. Kalamu alikuwa nayo bado Mama Redio.